Miwani Ipimwe kwa Taswira, Isipimwe kwa Bei

Katika vitu vinavyopita mbele ya macho yetu kila siku bila ya kutazamwa, kimojawapo ni miwani yenyewe. Kando ya barabara itokayo Mjini kwenda Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume, na hasa pale inapopita Kiembe Samaki, miwani ya kusomea huuzwa pamoja na saa, chaja za simu na vitana. Mnunuzi huchagua fremu, huivaa, hujitazama katika kioo kidogo, husoma maneno mawili matatu juu ya boksi la kibiriti, akatoa pesa akaenda zake. Lenzi mbili zilizomo ndani ya fremu ile, ambazo ndizo hasa alizozinunua, hazikuulizwa neno. Hazikuulizwa na mnunuzi, hazikuulizwa na muuzaji, na wala hatujapata kumwona mtu akiziuliza tangu zilipoteremshwa katika kontena.

Tunataka kulisema jambo hili kwa urefu kidogo, kwa sababu lenzi ni kitu kilichokokotolewa. Ina kazi moja, nayo ni kuikusanya nuru itokayo katika kitu na kuifanya taswira ya kitu hicho mahali panapotakiwa. Kazi hiyo ama imefanyika ama haikufanyika, na jawabu lake hupatikana kwa kupima. Wananchi wa visiwa hivi wanao uwezo wa kupima, na Serikali inao uwezo mkubwa zaidi, lakini pande zote mbili zimeiachia kazi hiyo bei.

Jicho la mwanadamu lina lenzi yake, laini, inayojibinua mtu anapotazama karibu na kujinyoosha anapotazama mbali. Kadiri umri unavyokwenda, lenzi hiyo hukakamaa. Wataalamu huupima uwezo wake kwa kipimo kiitwacho dayopta, nacho si kigumu kufahamika: chukua mita 1 uigawe kwa masafa. Mtoto wa miaka 10 anazo dayopta kama 14, na kwa hivyo huweza kuisoma herufi iliyo sentimita 7 tu mbele ya uso wake. Mtu wa miaka 50 amebakiwa na dayopta kama 2, na nukta yake ya karibu imemkimbia ikasimama sentimita 50. Afikapo miaka 60 amebakiwa na 1 au pungufu, na mkono wake haufiki huko. Ndipo tunapowaona wazee wetu misikitini wakiusukuma msahafu mbali, kisha wakikirudisha kichwa nyuma, kisha wakaufunga na kusoma kwa moyo zile sura walizozihifadhi chuoni utotoni. Sisi tunaoandika safu hii tumo katika miaka ya arobaini, na katika hili hatuna haja ya kusimuliwa.

Hali hii si maradhi wala si aibu. Humfika kila mtu anayejaaliwa umri. Lakini kwa mwenye kula kwa jicho lake na kidole chake, ni msiba wa riziki. Pita katika vichochoro vya Kiembe Samaki baada ya sala ya alasiri, utawakuta akina mama barazani na vitambaa vyeupe mapajani, wakishona kofia za viua. Kila kiua ni kitundu kinachozungushwa uzi kwa mkono, na kofia moja nzuri ina viua vingi mno hata mshonaji mwenyewe hahesabu. Mwenye miaka thelathini hushona huku akizungumza. Mwenye miaka hamsini humwita mjukuu amtilie uzi katika sindano, na mjukuu akiwa skuli, kazi husimama. Hali ni hiyo hiyo kwa msuka ukili, kwa mchagua mchele, na kwa mkulima wa mwani wa Paje au Jambiani afungaye vipande vya mwani kwa taitai katika kamba. Huo ujuzi wa miaka thelathini hauondoki mkononi, ila jicho halioni mkono unafanya nini.

Ukubwa wa jambo hili umekwisha kuchunguzwa hapa hapa kwetu. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti uliofanywa Zanzibar juu ya watu wenye umri wa miaka 40 na zaidi, na ukaonyesha kwamba karibu 9 katika kila 10 walikuwa na upungufu huu wa kuona karibu, na kwamba katika hao waliokuwa na miwani ya kuwafaa hawakufika 1 katika kila 5. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2019, lilikadiria kuwa watu milioni 826 ulimwenguni wanaishi na tatizo hili bila ya kusaidiwa. Na faida ya kulisaidia imepimwa kwa fedha na kwa ratili. Katika mashamba ya chai ya Assam nchini India, utafiti uliotangazwa mwaka 2018 uliwapa miwani wachuma chai wenye umri wa miaka 40 na zaidi, na uchumaji wao ukapanda kuliko wenzao kwa kadiri ya asilimia 21.7. Mwaka 2024 ukatoka mwengine wa Bangladesh, wa mafundi na wafanyakazi wa mikono wa vijijini, na kipato cha waliopewa miwani kikaongezeka kwa asilimia 33.4 katika miezi minane. Mashine mpya hawakupewa, wala mkopo. Walipewa vipande viwili vya plastiki vilivyobinuka sawasawa.

Neno hilo "sawasawa" ndilo tunaloliandikia makala haya.

Kwanza, lenzi haichaguliwi kwa umri peke yake, kama wafanyavyo wauzaji wengi wanaouliza "una miaka mingapi?" wakakabidhi. Huchaguliwa kwa umri pamoja na masafa ya kazi. Tumchukue mama wa miaka 50 mwenye dayopta 2 zilizosalia. Jicho halipendi kutumia nguvu zake zote kwa muda mrefu, kama vile mchukuzi asivyoweza kubeba mzigo wake mkubwa kabisa kutwa nzima. Wataalamu hulihesabia nusu tu, yaani dayopta 1. Kofia hushonwa sentimita 30 kutoka machoni, na masafa hayo yanahitaji dayopta 3.3. Toa 1, na miwani yake ya kushonea iwe ya +2.25 hivi. Mama huyo huyo akifungua msahafu sentimita 40 mbele yake, anahitaji dayopta 2.5, na miwani ya +1.5 inamtosha. Akikaa kufunga mwani masafa ya sentimita 50, +1 inamtosheleza. Kwa hivyo tunapomsikia mtu akisema miwani yake "nzuri kwa kusoma lakini inamchosha kwa kushona", hana wazimu wala macho yake hayamchezei. Hesabu yake haikulingana na kazi yake.

Pili, na hili ni la hila zaidi, mahali tunapozijaribia miwani hizi ndipo mahali pabaya kuliko pote. Tunazijaribia nje, mchana, katika jua letu la Unguja. Katika jua kali mboni ya jicho hujibana ikawa tundu dogo la milimita 2 hivi, na tundu dogo huifanya taswira ionekane vizuri hata kama lenzi si sahihi. Hakika hii ni kongwe. Al-Hasan ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyekaa Cairo na kufariki huko kiasi cha mwaka 1040, aliyeandika Kitabu cha Mandhari, aliichunguza nuru ipitayo katika kitundu na kuingia katika chumba cha giza, akaona jinsi kitundu kinavyochora ukutani umbo la kilicho nje bila ya lenzi yoyote. Jicho lililojibana kwa jua hufanya kazi inayokaribia hiyo. Mnunuzi huona herufi, akamsifu muuzaji. Usiku, chini ya taa ya umeme iliyofifia au kandili, mboni hutanuka mara mbili au zaidi, makosa yote ya lenzi yaliyokuwa yamefichwa hujitokeza, na mwenye miwani huanza kulalamika kichwa. Basi anayetaka kununua, na aijaribu miwani kivulini, ndani ya duka, na kwa kazi yake mwenyewe: aende na kofia yake na sindano yake.

Kitundu hicho hicho kinatufaa kwa jambo jengine. Toboa karatasi nene kwa ncha ya sindano ya kushonea magunia, funika jicho moja, tazama kwa kitundu maandishi yanayokupa taabu. Yakionekana vizuri zaidi, basi kasoro ni ya kupinda kwa nuru, na yaelekea miwani itasaidia. Yasipobadilika au yakizidi kufifia, usipoteze pesa zako barabarani, nenda hospitali, kwani huenda ni mtoto wa jicho, au presha ya macho, au madhara ya sukari, na haya hayaponi kwa lenzi. Tunalitilia mkazo hili, maana presha ya macho humnyang'anya mtu uoni polepole kutoka pembeni, na mwenye kubadilisha miwani kila mwaka akidhani "namba imepanda" huenda anapoteza miaka ambayo dakta angeweza kumwokolea.

Sasa tuitazame lenzi yenyewe inavyobuniwa. Nguvu ya lenzi hutokana na mambo mawili: kitu ilichotengenezwa nacho, na tao la nyuso zake. Kila kitu kipitishacho nuru kina namba yake ya kuipinda. Plastiki ya kawaida ya miwani ina namba 1.498, kioo cha kawaida cha miwani kina 1.523, na ile plastiki ngumu isiyovunjika upesi, polikaboneti, ina 1.586. Mbunifu hutoa 1 katika namba hiyo, kisha hugawa kwa nguvu anayoitaka. Akitaka lenzi ya +2 yenye upande mmoja bapa, kwa plastiki ya kawaida huchukua 0.498 akagawa kwa 2, akapata mita 0.249: upande wa pili lazima uwe kipande cha duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 24.9. Kwa kioo ni sentimita 26.15. Kanuni hii ya kupinda kwa nuru huko Ulaya inanasibishwa na watu wa karne ya 17, lakini wanazuoni wa historia ya sayansi wamekwisha kuonyesha kwamba mhandisi wa Baghdad, Ibn Sahl, aliitumia kiasi cha mwaka 984 katika kubuni lenzi za kuunguzia. Tunalitaja si kwa kujigamba, bali ili mwanafunzi wa Kiembe Samaki anayetoka chuoni asubuhi na kuingia skuli mchana asidhani kwamba elimu hizi mbili hazijapata kukutana.

Lakini hesabu ya nguvu peke yake haitoshi, na hapa ndipo ustadi ulipo. Jicho haliangalii katikati ya lenzi tu. Mshonaji huzungusha macho kutoka kiua hadi kiua, na kila anapotazama kwa pembeni, nuru huipenya lenzi kwa mshazari. Lenzi bapa upande mmoja, hata kama katikati yake ni sahihi kabisa, pembeni huchora nukta ikawa kistari. Mwaka 1804 Mwingereza Wollaston alipendekeza lenzi ipindwe yote, kama gamba la chaza, uso wa ndani ubonyee kulielekea jicho, ili kila upande jicho linapogeukia likutane na lenzi kwa unyoofu. Wazo lilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni hesabu ya kujua ipindwe kiasi gani kwa kila nguvu.

Hesabu hiyo ilikamilika katika mji wa Jena. Huko profesa Ernst Abbe alikuwa amekwisha kuthibitisha, katika hadubini za karakana ya Carl Zeiss, kwamba lenzi inaweza kubuniwa mezani kwa karatasi kabla ya kioo kuguswa. Kabla yake mafundi walikuwa wakisugua, wakitazama, wakisugua tena. Mwaka 1884 Otto Schott akaanzisha hapo kiwanda cha vioo vyenye namba zinazojulikana. Na mwaka 1912 Moritz von Rohr, wa karakana hiyo hiyo, akatoa lenzi za miwani zilizoitwa Punktal, ambazo kwazo nukta hubaki nukta hata ukitazama ukingoni. Kila mstari wa nuru ulifuatwa kwa kalamu na majedwali ya logi, uso kwa uso, mpaka ulipofika. Leo kompyuta hufuata maelfu ya mistari hiyo kwa kupepesa jicho, ikachora mahali kila mmoja ulipoangukia. Mistari ikikusanyika kama punje moja, lenzi ni njema, ikitawanyika kama mchele uliomwagika, mbunifu hubadilisha tao akaanza tena. Wasomaji wetu wa makamo watakumbuka kwamba Jena ilikuwa katika ile Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani, nchi iliyoshirikiana nasi tangu mwaka 1964 na ambayo wahandisi wake walishiriki kuzijenga nyumba za Kikwajuni na Kilimani. Tulipokea saruji na ramani zao za majengo, nayo ni kheri kubwa. Hatukuwahi kuwaomba watufundishe kusugua lenzi, na huu, kwa maoni yetu, ulikuwa upungufu wa kufikiri wa wakati ule.

Tugeukie kupima. Mtambo wa kupimia lenzi upo, na kila karakana ya miwani inayojiheshimu inao. Lakini kwa miwani ya kusomea ya kuanzia +1 hadi +3, ukuta mweupe na rula vinatosha kumjulisha mtu kama amedanganywa. Ingia katika chumba chenye dirisha moja, funga mengine. Simama karibu na ukuta unaolikabili dirisha, tafuta nje mnazi au nyumba iliyo mbali, isiwe chini ya hatua 30. Shika miwani, lenzi moja ikiuelekea ukuta, uisogeze mbele na nyuma. Utaiona taswira ya mnazi ule, ndogo, yenye rangi zake, imepinduka kichwa chini, ikitokea ukutani. Inapokuwa kali kuliko mahali pengine pote, simamisha mkono, na mwenzako apime kutoka lenzi hadi ukutani. Lenzi ya +1 itachora sentimita 100 kutoka ukutani, ya +1.5 sentimita 67, ya +2 sentimita 50, ya +2.5 sentimita 40. Ya +3 sentimita 33. Iliyoandikwa +2 ikachora sentimita 44, hiyo ni +2.25, na kibandiko chake kimesema uongo. Tahadhari mbili: msitazame jua kwa lenzi wala kumchezea mtoto nayo juani, na msiisahau miwani juani juu ya makuti au makumbi.

Kisha pima lenzi ya pili. Miwani hii huuzwa kwa ahadi kwamba lenzi zote mbili ni sawa; zikitofautiana, jicho moja hufanya kazi ya mawili. Kisha itazame taswira yenyewe, maana kupima masafa ni nusu ya kazi. Je, makuti ya mnazi yanaonekana moja moja, au ni wingu la kijani? Je, shina likiwa kali, je, matawi nayo ni makali mahali pale pale, au inakubidi usogeze tena? Kama inakubidi usogeze, lenzi ina nguvu mbili tofauti katika pande mbili, na miwani ya kununua barabarani haikukusudiwa kuwa hivyo. Njia nyengine ya kuigundua kasoro hii ni kuitazama kona ya vigae vya sakafu kupitia lenzi, kisha kuizungusha lenzi kama usukani: mistari ya vigae ikikatana kama mkasi unaofungwa, irudishe.

Vigae hivyo hivyo huonyesha vitovu. Kila lenzi ina kitovu, mahali ambapo nuru hupita bila ya kupindwa. Inyanyue miwani juu ya mistari miwili iliyokutana, uisogeze mpaka mistari ndani ya lenzi iungane barabara na ile ya nje; tia nukta ya kalamu hapo. Fanya hivyo kwa ya pili, kisha pima baina ya nukta mbili. Masafa hayo yanatakiwa yakaribiane na masafa baina ya mboni za mvaaji anapotazama karibu, ambayo kwa watu wazima wengi ni kama milimita 60, wengine kidogo juu na wengine kidogo chini. Lenzi ya +2 ambayo kitovu chake kimeachana na mboni kwa milimita 5 huitupa taswira upande kwa kadiri ya sentimita 1 katika kila mita 1, na misuli ya macho ndiyo inayolazimika kuirudisha. Fremu pana za mtindo, zinazopendwa na vijana wanaowanunulia mama zao zawadi, ndizo tunazozishuku zaidi, kwani vitovu vyake mara nyingi huwekwa katikati ya fremu na si mbele ya mboni. Mama huzivaa kwa heshima ya mwanawe, kichwa kikauma, akazitia kabatini akasema macho yake "hayapatani na miwani".

Upo ubishi ambao tumeusikia kwa watu wenye akili zao, nao unastahili kujibiwa. Husemwa kwamba Serikali ikianza kuzikagua miwani hizi, bei itapanda, wauzaji watakimbia, na maskini ambaye leo anayo miwani mbovu kesho hatakuwa na yoyote. Hofu hii si ya kudharauliwa. Miwani ya +2 iliyo +2.25 ni bora maradufu kuliko kutokuwa na miwani, na hatutaki kuona maafisa wakinyang'anya trei za vijana barabarani. Lakini unyonge wa bei haukuwa sababu ya ubaya wa lenzi. Lenzi ya kusomea ya nguvu ndogo humiminwa katika kalibu, na kalibu iliyo sahihi haigharimu plastiki zaidi ya kalibu isiyo sahihi. Huko Malawi na nchi nyengine za Kiafrika kumekuwa na miwani zinazounganishwa na mafundi wa hapo hapo, fremu ikiwa waya wa chuma uliopindwa kwa kifaa kidogo kisichotumia umeme, na lenzi zake zikiwa zimekwisha pimwa kabla ya kufungwa. Urahisi na usahihi vinaweza kukaa nyumba moja. Kinachoingiza lenzi mbovu ni kwamba mwagizaji anajua hapana atakayemuuliza.

Na kipimo cha kumuulizia kipo. Shirika la Kimataifa la Viwango limetoa kiwango namba 16034, mahsusi kwa miwani ya kusomea inayouzwa tayari, kinachoweka mipaka ya nguvu, ya tofauti baina ya lenzi ya kulia na ya kushoto, na ya mahali pa vitovu. Zanzibar inayo Taasisi yake ya Viwango, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Tunashauri kwamba katika kila shehena ya miwani iingiayo kwa Bandari ya Malindi au kwa uwanja wa ndege uliopo hapa Kiembe Samaki, zichukuliwe jozi chache kwa kubahatisha, zipimwe kwa mtambo, na matokeo yaandikwe. Shehena iliyo njema iruhusiwe siku hiyo hiyo na isitozwe ushuru wa kuizuia isifike kwa wanyonge; iliyo mbaya irudi ilikotoka kwa gharama ya aliyeileta. Mwagizaji akirudishiwa mara moja, mara ya pili atapima mwenyewe kabla ya kulipa.

Aidha tunaikumbusha Wizara ya Afya kwamba mwaka 2021 Mkutano wa Afya Duniani ulikubaliana kuongeza kwa pointi 40 za asilimia, ifikapo mwaka 2030, idadi ya watu waliopatiwa miwani inayowafaa kwa hakika. Maneno "inayowafaa kwa hakika" yamewekwa kwa makusudi. Trei ya miwani haihesabiwi, huhesabiwa mtu anayeona. Dhamana hiyo haiwezi kubebwa na kliniki ya macho ya Mnazi Mmoja peke yake. Kila kituo cha afya cha shehia kinaweza kuwa na ubao wa herufi E zilizogeuzwa pande nne, ambao hata asiyejua kusoma huujibu kwa kunyoosha vidole, pamoja na kamba yenye vifundo vya sentimita 30, 40 na 50, ili mwananchi aulizwe kazi yake kabla ya kuulizwa umri wake. Na Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume, iliyopo Mbweni, jirani wa Kiembe Samaki, ina vijana wanaofundishwa vyuma na umeme; kuwaongezea meza ya kusugua na kukata lenzi, na mwalimu mmoja kutoka skuli ya miwani ya KCMC kule Moshi, si ndoto ya kupindukia. Wenye macho mawili yasiyolingana, ambao miwani ya tayari haiwezi kuwafaa hata ikiwa bora namna gani, wangepata lenzi zao bila ya kuvuka bahari.

Hatuna haja ya kusubiri mtambo ili kuanza. Rula ya mita moja, ukuta mweupe, na dirisha linaloelekea minazi vimo katika kila skuli ya Kiembe Samaki, na somo la lenzi limo katika mtaala wa fizikia wa sekondari. Kinachohitajika ni afisa mmoja wa kuwapelekea wanafunzi hao jozi kumi za kwanza za shehena ijayo, na daftari la kuandikia walichokiona.